Koo Lililozoea Kusemewa

Ungefika mdomo wa handaki la Lyamba saa moja asubuhi, zamu zikipokezana, ungedhani umekuta watu wanatafuna kitu. Walikuwa arobaini, kutoka nchi kumi na moja, wakipeana maagizo, wakibishana juu ya mpira wa jana, wakiulizana habari za wagonjwa, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa sawasawa. Midomo ilichezacheza tu. Sauti zenyewe zilitoka shingoni.

Kilichosema kilikuwa kinenea. Kinenea ni ukosi mwembamba, wenye rangi ya ngozi ya mwenyewe, unaozunguka koo na kushikwa na kifungo cha sumaku kisogoni. Mtu akitaka kusema, ubongo hupeleka amri kooni. Kinenea huidaka amri hiyo njiani, huizima ili sauti mbili zisigongane, kisha husema chenyewe kwa lugha ya msikilizaji, na kwa sauti ya mwenyewe iliyolainishwa, bila kigugumizi wala kosa. Masikioni hukaa kokwa mbili ndogo za kuziba lugha za watu na kukuletea yako. Kwa kifaa hicho Mfipa wa Sumbawanga na mtu wa Hanoi walikaza boliti moja bila yeyote kujifunza neno la mwenzake, na gesi ya heli ikatoka chini ya Bonde la Rukwa ikaenda kujaza merikebu za anga za nusu ya dunia.

Kati ya wale arobaini alikuwamo Volasoa. Alikuwa Msakalava wa magharibi ya kisiwa cha Bukini, ambacho ramani hukiita Madagaska. Mwanamke mrefu wa miaka arobaini na mitatu, fundi wa mabomba, mwaka wake wa kumi na mbili hapo Lyamba. Alikuwa na siri moja, nayo haikuwa ya kumfunga mtu: Kiswahili alikijua. Alikisoma chumbani kwake peke yake, kwenye magazeti, kwenye vitabu vya shule vya watoto wa wenzake, hata kwenye karatasi za kufungia maandazi, na usiku alivua kokwa akasikiliza redio. Ungempa barua angeielewa. Ila kukisema, hata siku moja.

Chanzo chake kilikuwa kidogo, ukikipima. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajapewa ukosi, alisimama kwenye foleni ya chakula akaomba maharage kwa Kiswahili alichokariri kwenye ndege. Akaomba kwa kuimba, kama watu wa kwao wanavyoimba maneno. Foleni nzima ikacheka, na mmoja akairudia sentensi ile kwa tuni yake, wakacheka tena. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini Volasoa aliacha sahani pale mezani akaondoka, na kesho yake alipofungwa kinenea alishukuru kama mtu aliyefunikwa nguo.

Asubuhi tunayoisema, fundi mkuu wa mabomba, Kanisia Nchimbi, Mngoni wa Songea, mwanamke mwenye mabega ya mbeba magunia, alimkuta Kihwele, Mhehe wa mashine ya kuteremshia watu, akiwa amelalia usukani. Volasoa alisikia Kanisia akisema, kwa Kimalagasi safi, "Habari ya asubuhi, ndugu. Natumaini umepumzika vizuri." Kihwele akajibu, "Nimepumzika, nashukuru kwa kuniuliza." Na wenyeji wote waliokuwa karibu wakainama wakishika matumbo kwa kicheko.

Kwa miaka kumi na miwili Volasoa alikuwa ameamini kwamba watu wa nchi hii huchekeshwa na salamu. Hakujua kwamba kinenea kina kichujio cha adabu. Kwa wenye lugha moja tusi hupita lilivyo; likitafsiriwa kwa mgeni, hutoka shukrani.

Alishuka na mwenzake wa zamu, Sikazwe, Mfipa mpole aliyefanya naye kazi tangu mwaka wa pili. Waliingia Chumba cha Saba, ndani kabisa ya mwamba. Chini ya chumba hicho kuna pango la akiba ambamo heli iliyokwisha kusafishwa hukaa imeshindiliwa. Mabomba matatu hutoka pangoni, hupanda ukutani, hupenya dari kwenda juu: jeupe, la njano na la buluu. Kila bomba lina koki yake katikati ya ukuta, nayo huendeshwa na watu wa juu kwa mafuta ya shinikizo. Aliye chumbani haifungi wala haifungui.

Saa tatu kasoro dakika chache, ardhi ilitikisika. Bonde la Ufa hutikisika mara kwa mara, hakuna anayeshtuka. Safari hii kishikizo kimoja cha chuma kiling'oka ukutani, kikampiga Sikazwe juu ya sikio, naye akaanguka bila kupiga kelele. Taa zikazimika, zikawaka zile za dharura. Mlango wa chuma ukajifunga wenyewe, maana ndivyo ulivyoundwa, kuzuia gesi isitoke. Halafu Volasoa akasikia mluzi.

Bomba la njano lilikuwa limepasuka. Ufa ulikuwa chini ya koki, urefu wa kidole.

Heli haina sumu wala harufu, na haiungui. Lakini ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hupanda darini, hujikusanya, kisha huanza kushuka kidogo kidogo ikiisukuma hewa ya kupumulia kwenda chini. Mafundi wana kipimo chake. Ukutani kuna safu ya taa ndogo kumi, kutoka sakafuni hadi darini, na hewa ya kimo fulani ikiharibika, taa ya kimo hicho hugeuka nyekundu. Volasoa alitazama. Ya kumi nyekundu. Ya tisa nyekundu. Ya nane ikafumba jicho la kijani, ikafumbua jekundu.

Alipiga hesabu haraka. Sikazwe alikuwa sakafuni, anapumua. Damu ilikuwa ikitiririka lakini si nyingi. Dakika ishirini labda, kabla taa ya kwanza haijawaka nyekundu kando ya pua yake.

Mtikisiko ulikuwa umekizima kinenea na kukiwasha upya, na kinenea kikiwashwa upya humtaka mwenyewe ataje jina lake ili kimtambue, kisije kikavaliwa na mwizi. "Tamka jina lako," sauti ikamwambia masikioni. Volasoa akiwa amesimama, kichwa ndani ya heli, akatamka. Kilichotoka hakikuwa sauti ya mtu. Sauti ya mtu ndani ya heli huwa nyembamba, ya haraka, ya kupaliapalia, kama bata mdogo aliyekanyagwa.

"Sauti haijatambulika."

Akarudia. "Sauti haijatambulika." Akarudia kwa nguvu zaidi, na hapohapo akakumbuka kwamba angepiga magoti, angevuta hewa safi ya chini, angesema kama yeye. Alikumbuka akiwa amechelewa. "Kifaa kimefungwa kwa saa moja," kinenea kikasema kwa upole. "Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Aliung'oa ukosi ule pamoja na kokwa zake akautupa. Shingo ikahisi baridi.

Ukutani palikuwa na simu ya waya, ya kizamani, isiyohitaji umeme. Sauti ya mtu ndiyo iliyoisukuma. Kanisia aligombana na uongozi miaka mingi isiondolewe. Ilitundikwa kwenye kimo cha taa ya nane, na waya wake ulikuwa mfupi kama mkono. Maana yake ni hii: anayetaka kusema ilibidi asimame, aingize kichwa kwenye heli, aseme kwa pumzi iliyochanganyika na heli, kisha ashuke kabla hajazimia. Kila neno lilikuwa na bei yake kwa pumzi.

Alivuta hewa sakafuni, akasimama, akazungusha mkono wa simu.

"Chumba cha udhibiti. Nani?" Alikuwa Mhandisi Sangija, mkuu wa zamu, mtu wa kanuni, aliyekuwa na taa nyekundu mia mbele yake bila kujua ipi ya kweli.

Volasoa alikuwa nayo sentensi. Alikuwa nayo yote, imepangika kichwani kama mabomba: *Bomba la njano limepasuka chini ya koki, usifunge.* Akafungua mdomo.

"Bomba…" akasema kwa sauti ya bata.

Na Sangija akacheka.

Haki ya Mungu, hakukusudia. Mtu akikaa na hofu tangu mtikisiko, kisha bata akampigia simu, kicheko humtoka kama chafya. Alijizuia mara moja. "Samahani! Samahani sana. Nani huyo? Nyie wa Chumba cha Saba?"

Lakini mambo yalikuwa yameharibika. Koo la Volasoa lilifunga. Si kwamba aliona haya, ingawa haya ilikuwepo. Koo lenyewe lilikaa likisubiri. Miaka kumi na miwili kila alipotaka kusema na mtu asiye wa kwao, kitu kingine kilisema badala yake, na amri ikazimwa njiani. Njia isiyopitwa huota majani. Sasa amri ilitoka, ikafika njia panda, ikasimama ikingoja mashine ije ichukue mzigo. Neno moja tu lilijua kupita bila kusindikizwa, lile ambalo kila mgeni hulijua kwanza.

"Ndiyo," akasema.

"Nyie ni wawili humo?"

"Ndiyo."

Akashuka, akavuta hewa, akapanda tena. Simu ilikuwa ikining'inia, Sangija akipiga kelele ndani yake. "Nisikilize vizuri! Nahitaji kujua ufa uko wapi. Uko juu ya koki?"

*Chini*, alisema moyoni. *Chini, chini.* "Ndiyo."

"Uko chini ya koki?"

"Ndiyo."

Halafu akamsikia Sangija akimwambia mtu mwingine: "Anaitikia kila kitu. Haelewi." Akarudi simuni. "Gonga basi! Gonga ukuta mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana! Uko juu ya koki?"

Volasoa aligonga mara mbili kwa kishikizo kilichoanguka. Lakini mabomba yenyewe, shinikizo likiyapanda, yalikuwa yakigonga ukutani, ko, ko-ko, ko, kama mgeni asiye na subira. "Nasikia tano," alisema Sangija. "Nasikia sita. Hapana, haifai." Sauti yake ikatulia, na utulivu huo ulimtisha Volasoa kuliko kelele. "Utaratibu unasema nisipopata taarifa nifunge koki zote tatu. Nitafunga. Dakika tano."

Hapa msomaji aelewe vizuri. Ufa ungekuwa juu ya koki, kuifunga kungeukata mvujo na wote wawili wangetoka wazima. Lakini ufa ulikuwa chini. Koki ikifungwa, heli yote iliyosukumwa kutoka pangoni isingekuwa na pa kwenda ila kwenye ufa. Bomba lingepasuka lote na chumba kingejaa kwa kufumba na kufumbua. Dawa ilikuwa kinyume: koki ya njano ifunguliwe mpaka mwisho, pampu za juu ziivute heli kwa nguvu, shinikizo lishuke. Volasoa alilijua hilo. Sangija alilijua pia. Kati ya kujua kwa huyu na kujua kwa yule kulikuwa na maneno matatu.

Taa ya saba nyekundu. Ya sita nyekundu. Alishuka, akalala kifudifudi kando ya Sikazwe, akavuta pumzi, akajaribu kusema pale sakafuni kwenye hewa nzuri: "Chini ya koki." Hapakuwa na wa kumsikia. Pumzi ikatoka, midomo ikacheza, sauti hakuna. Akajaribu lugha ya kwao; ikatoka bila tabu. Akajaribu Kiswahili, njia panda.

Simu ilianza kunguruma kwa sauti nyingine. Akapanda.

"Vola, mwanangu, ni mimi, Kanisia." Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti ile yenyewe, bila kuchujwa. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na haikufanana na ile ya kwenye kokwa hata kidogo. "Nimevua ukosi, nimemtoa huyu mhandisi kwenye kiti. Sema polepole, mama. Neno lolote."

"Ndiyo," akasema Volasoa, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Akashuka. Akapanda. Kanisia alikuwa bado anabembeleza, pole mwanangu, jikaze mwanangu, na kila bembelezo lilizidi kulikaza koo, maana anayebembelezwa ni mgonjwa. Nyuma yake Sangija alikuwa akisema, "Dakika mbili, Fundi."

Halafu Kanisia akaacha kubembeleza. Alipofungua kinywa tena, upole wote ulikuwa umekwisha.

"Sikia wewe mtu wa Bukini! Mimi ni Kanisia Nchimbi, Mngoni, mjukuu wa watu waliotembea kwa miguu kutoka kusini wakipiga kila waliyemkuta njiani. Nakuuliza: nyie ni watu gani mnaofukua maiti zenu mkacheza nazo ngoma? Hamna haya? Sasa ukifia humo, nani atakufukua, mimi? Nicheze na wewe, na miguu yako hiyo kama nguzo za choo? Jibu, maiti mtarajiwa! Au hata mdomo umeuzika?"

Kwanza Volasoa hakuamini masikio yake. Kisha damu ikampanda usoni. Kisha, akiwa bado amekasirika, kitu kingine kikamjia, cha zamani kuliko Lyamba.

Kwao wana watu wanaoitwa ziva. Ukoo huu na ukoo ule, kwa vita vya zamani au kwa deni la damu, wameunganishwa milele kwa matusi. Siku ya kumzika baba yake, ziva walikuja wakakaa juu ya jeneza, wakakataa linyanyuliwe, wakasema marehemu alikuwa mlafi, akifika ahera atawamalizia wahenga chakula. Mama yake, aliyekuwa hajala siku tatu, akawatukana mlolongo mzima, na akiwa katikati ya kutukana akacheka, na baada ya kucheka akala. Ziva hatukani mtu anayeweza kuvunjika. Humtukana wake. Na ziva akikutukana, kunyamaza ni aibu. Jibu baya halina aibu. Unatupa chochote kilichopo mkononi.

Kumbe hawa nao walikuwa na ziva. Kumbe ndizo zile salamu. Miaka kumi na miwili!

Na zaidi ya hayo, yule mama wa Kingoni alikuwa amekosea.

"Si sisi!" akalia Volasoa kwa sauti ya bata. Ilitoka. Ikapita njia panda ikikanyaga majani. "Hiyo watu ya mlima! Sakalava hapana fukua! Wewe… wewe mla panya!"

Chumba cha udhibiti kikalipuka kwa kicheko. Watu saba au wanane, na Kihwele juu ya wote, akipiga meza: "Ameona! Ameona kibakuli chako cha panya, Mngoni!" Kilikuwa kicheko kilekile cha foleni ya maharage, sauti ileile. Lakini safari hii kilimshika kwapani kikamsimamisha.

"Ehee! Bata amejibu!" alinguruma Kanisia, na mtu mwenye sikio angesikia jinsi sauti yake ilivyotetemeka. "Panya wana mafuta, mjinga wewe, wangekunenepesha. Haya, mwizi wa maiti, bomba gani?"

Volasoa alishuka, akavuta, akapanda. Taa ya tano nyekundu. "Njano!"

"Ufa juu ya koki au chini yake, kipofu?"

"Chini! Chini ya koki! Wewe usifunga! Fungua! Fungua yote, vuta!"

"Una hakika, au ni kizunguzungu cha panzi mnaokula?"

"Hakika! Jinga wewe! Fungua!"

Akamsikia Sangija: "Utaratibu unataka taarifa ithibitishwe na…" Na Kanisia: "Mhandisi, baba, umetukanwa kwa ufasaha. Unataka uthibitisho gani tena? Fungua."

Volasoa hakusikia zaidi. Akaanguka chali pembeni ya Sikazwe. Taa ya nne ikageuka nyekundu. Ya tatu ikafumba na kufumbua, haijaamua. Aliweka kiganja puani mwa Sikazwe, akahisi joto dogo. Juu ukutani koki ya njano ikalia kwa kutu, ikazunguka, ikazunguka tena. Mluzi ukashuka kidogo. Ukashuka zaidi, kama mtu anayemaliza pumzi ya filimbi.

Taa ya tatu ikabaki kijani. Baada ya muda ambao hakuna aliyeupima, ya nne ikarudi, kisha moja moja zote zilizo juu yake.

Aliposimama na kushika simu, sauti yake ilikuwa imenenepa, ya kwake mwenyewe. "Kanisia," akasema. "Sisi… wazima."

"Ah," alisema Kanisia, akivuta makamasi. "Umeiharibu. Ile ya bata ilikupendeza zaidi."

Siku ya tatu Volasoa aliitwa zahanati ya handaki. Daktari Lubango, aliyekuwa mtu wa kusema kwa makini kama anayevuka tope, alimkuta amekaa bila ukosi shingoni.

"Utapewa mwingine," alisema.

"Kesho," akajibu Volasoa. "Labda."

Daktari aliuweka mezani ule wa zamani, uliookotwa Chumba cha Saba. Alimweleza kuhusu kitu ambacho wao madaktari hukiita ganzi ya koo. Wanakijua, alisema, hawakijui vizuri. Kinenea huizima amri inayokwenda kooni. Hiyo ni kazi yake. Lakini mtu anapojaribu kusema lugha ya wenyeji mwenyewe, kwa kubahatisha, kinenea hukiona kitendo hicho kuwa kasoro, nacho hukizima vilevile, kisha husema maneno mazuri zaidi badala yake. Mwenyewe hahisi kitu. Hudhani hakuthubutu.

"Kila kinachozimwa huandikwa ndani," alisema Daktari Lubango, "ili waundaji waone makosa. Mtumiaji haonyeshwi. Mimi nimeona ni haki yako."

Akageuza kioo upande wake. Ilikuwa safu ya miaka. Mwaka wa kwanza Volasoa alijaribu kusema Kiswahili mara elfu tisa mia tatu na kumi na mbili. Alitazama vizuri asije akawa amesoma vibaya. Chini yake maneno yenyewe yalikuwa yamepangwa, yamekatika katikati kama mikia ya mijusi: *chumv, samah, kesho tut, jina lako na, mvua ku.* Mwaka wa pili, elfu nne. Mwaka wa tano, mia sita. Mwaka wa tisa, arobaini na moja.

Mwaka uliopita, mara tatu.

"Mimi… kufikiri," alisema Volasoa polepole, "mimi ni mwoga."

"Hapana," alisema daktari. "Ulikuwa ukikatwa."

Daktari aligusa zile mara tatu, zikafunguka. Zote zilikuwa siku moja, tarehe kumi na nne Aprili, ndani ya dakika moja, na neno lilikuwa moja. *Po. Po. Pol.*

Volasoa aliikumbuka siku hiyo. Sikazwe alikuwa amerudi kazini baada ya kumzika mama yake. Alisimama mbele ya kabati la nguo za kazi, hakulifungua, akawa analitazama tu. Volasoa alimkaribia. Na kinenea kikasema, kwa Kifipa kisicho na dosari, maneno marefu na mazuri ya rambirambi, hata yeye mwenyewe aliyashangaa. Sikazwe aliitikia kwa kichwa, akafungua kabati, wakashuka kazini. Hawakulizungumza tena.

Volasoa aliinuka bila kuaga. Wodi ilikuwa mlango wa pili. Sikazwe alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimefungwa bandeji mpaka sikio moja likatokeza kama mpini wa jagi, anakula uji. Hakuwa na ukosi; daktari alikuwa ameuvua kwa ajili ya jeraha. Alipomwona, alitabasamu, akapigapiga shingo yake kuonyesha kwamba leo hawataweza kuzungumza.

Volasoa akavuta kiti, akakaa.

"Pole," akasema.

Sikazwe akashtuka kijiko kikiwa njiani. Hakuwahi kuisikia sauti ile. Akagusa bandeji. "Asante. Ni kidonda tu, dada. Kitapona."

"Si kichwa." Aliitafuta njia, akaipata, ikawa imeota majani lakini ikapitika. "Pole ya mama."

"Mama?" Sikazwe alikiweka kijiko. "Mama alifariki mwaka jana."

"Najua. Pole yangu… inachelewa. Ilikuja kwa mguu."

Sikazwe alicheka kidogo. Halafu akafungua mdomo amjibu kama desturi inavyotaka, kwamba asante, ameshapoa. Neno lilifika midomoni. Akalitazama bakuli la uji, mabega yakaanza kumtikisika, na hakulisema.